Bhopal: Kinga Zilipozimika Pamoja

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, maji yaliingia kwenye tangi namba 610 la kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide mjini Bhopal, India. Ndani mlikuwa na takriban tani 40 za methili isosianeti, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 39 na kutoa mvuke mzito kuliko hewa. Tangi likapata moto, vali ya usalama ikafunguka, na wingu la sumu likatambaa ardhini hadi kwenye makazi yaliyobanana nje ya ukuta. Maelfu ya watu walikufa.

Kwenye makaratasi kiwanda kilikuwa na kinga nne. Mtambo wa kulipoza tangi, mnara wa soda kaustiki wa kusafisha gesi inayotoroka, mnara wa kuichoma iliyobaki, na mabomba ya kurusha maji hewani. Tuseme, kwa mfano tu, kila kinga hushindwa mara moja kati ya kumi. Mtathmini akizidisha zote nne, anapata mara moja kati ya elfu kumi.

Hesabu hiyo inakubalika kwa sharti moja tu: kushindwa kwa kinga moja kusihusiane na kushindwa kwa nyingine. Bhopal sharti hilo halikuwepo. Mauzo yalikuwa yameanguka na gharama zikabanwa. Mtambo wa kupoza ulikuwa umezimwa tangu Juni. Mnara wa soda ulikuwa umewekwa akiba, na hata ungefanya kazi, gesi ile ilikuwa nyingi kupita uwezo wake. Bomba la kwenda mnara wa kuchomea lilikuwa limekatwa kwa matengenezo. Maji nayo hayakufika juu ambako gesi ilikuwa ikitokea. Kampuni ilidai maji yaliingizwa tangini kwa hujuma. Hata ingekuwa hivyo, kinga huwekwa ili zihimili kosa lolote, liwe la bahati mbaya au la makusudi.

Ndiyo maana kanuni iliyotolewa Marekani mwaka 1996 inastahili kusifiwa. Kiwanda chenye gesi ya sumu kwa wingi hulazimika kukokotoa tukio baya kuliko yote: chombo kikubwa kimwage shehena yake yote kwa dakika 10, hewa ikiwa tulivu na upepo ukienda mita 1.5 tu kwa sekunde. Kinga inayotegemea umeme, mashine au mkono wa mtu haihesabiwi kabisa. Baada ya hapo, namba ambayo mwenye kiwanda anaweza kuipunguza kwa uhakika ni ujazo wa tangi, jambo ambalo mhandisi Mwingereza Trevor Kletz alikuwa akilihimiza tangu miaka ya 1970.

Kupunguza ujazo huo kulichelewa. Agosti 2008 mlipuko uliua wafanyakazi wawili katika kiwanda cha Bayer mjini Institute, West Virginia, karibu na tangi la kemikali ileile. Tangi halikutoboka. Mwaka 2011 kampuni ilitangaza kuacha kuitengeneza hapo.