Nikeli ya Dutwa ni hesabu ya tindikali

Nikeli ya Dutwa, karibu na Bariadi nchini Tanzania, ikitajwa, watu huuliza ipo tani ngapi. Mimi naona swali zito ni jingine: kuitoa kwenye jiwe kunakula tindikali kiasi gani?

Vilima vya huko vya Wamangola na Ngasamo, vilivyochorongwa na African Eagle ya London hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, vimebeba lateriti: mwamba uliooza kwa mvua na joto, ukabaki kutu ya kahawia na silika. Tani ya mbale haina hata kilo 10 za nikeli, nazo zimefungamana na ile kutu yenyewe. Nikeli ya Kabanga, hifadhi nyingine ya Tanzania, imeshikana na salfa, huelea kwenye povu na kupatikana makinikia. Dutwa hilo halipo. Tani nzima inaingia kwenye matangi.

Njia iliyopendekezwa ni hii: mbale husagwa kuwa tope, hutiwa tindikali ya salfa, hupashwa moto hadi karibu na kuchemka, kisha tope hilo hukorogwa likipita tangi hadi tangi. Shida ni kwamba tindikali haichagui. Tani 1 ya nikeli huhitaji kama tani 1.7 za tindikali. Lakini kila tani ya chuma inayoyeyuka pamoja nayo hula 2.6, na ya magnesi hula 4. Silika haili kitu, na kwa kuwa Dutwa imejaa silika, hiyo ni bahati yake kubwa. Chuma kilichoyeyuka nacho hudai mawe ya chokaa ili kitengwe.

Wanaoyeyusha makaa ya mawe kupata koki safi wana nafuu. Kiyeyushi chao, kwa mfano methilipirolidoni inayochemka kwa nyuzi 202, huchujwa majivu, hugeuzwa mvuke, kisha hurudi kazini. Tindikali ya Dutwa ikishatumika hairudi. Ambatovy, Madagascar, hutumia mitungi ya shinikizo kubwa, ambamo chuma hujitenga na kuachia tindikali yake, ila mitungi hiyo ni ghali mno.

Tindikali yenyewe hutengenezwa kwa salfa: tani 1 ya salfa hutoa kama tani 3 za tindikali, na joto la kuiunguza huendesha mitambo ya umeme. Hata hivyo, salfa ikishushwa bandari ya Dar es Salaam, safari hadi Bariadi ni zaidi ya kilomita 1,000. Ripoti yoyote mpya ya Dutwa ningeifungua kwanza kwenye ukurasa wa nauli ya salfa.