Wapima Mionzi wa Njiro

Mtu wa Momela, wilayani Meru, akishuka Arusha kupigwa eksirei, hulipa, huchukua picha yake na kuondoka. Aliyempiga hubaki chumbani, leo na kesho, na kidude kidogo cha kupimia mionzi kimebanwa kifuani. Kidude cha namna hiyo husomwa Njiro, hapo hapo Arusha, kwenye maabara za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, taasisi iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003.

Huko kijana mwenye shahada ya fizikia hukipasha moto ndani ya mashine, na fuwele iliyomo hutoa mwanga hafifu. Wingi wa mwanga huo ndio kipimo cha mionzi aliyoipokea mvaaji. Kisha kingine, na kingine. Akichanganya namba mbili tu, mmoja atatishwa bure na mwenzake ataachwa hatarini.

Wengine hupima mionzi katika chakula. Sampuli husagwa, hupimwa uzito, hufungwa, kisha huzungushiwa kuta nene za madini ya risasi karibu na kigunduzi cha jermaniamu kinachopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wanatafuta seziamu-137, aina ya masalia ya mionzi yaliyotapakaa kutoka kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka mwaka 1986. Kazi hii haiharakishwi. Jibu jema ni kukosa kitu, na aliyekosa hapigiwi makofi. Nawaheshimu kwa hilo hasa.

Walimu wa fizikia wa sekondari za Meru, ombeni ruhusa muwapeleke wanafunzi wenu wakaione kazi hii.