Saa za Mazoezi Ndizo Dawa, Mashine Baadaye

Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo akishafikishwa Hospitali ya Benjamin Mkapa kutoka Kondoa au Mpwapwa, ndugu huulizia mashine ya kufundishia kutembea: ipo Dodoma, au tuuze ng'ombe twende India? Wana haki ya kuuliza. Ila jibu lipo tangu 2006.

Mwaka huo mtafiti Bruce Dobkin na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 146 wa Marekani na Kanada, wote wakiwa hawajafikisha wiki nane tangu waumie, na uti wao haukuharibika wote. Kundi moja lilining'inizwa kwa mikanda juu ya mashine ya kutembelea, wataalamu wakiisogeza miguu kwa mikono. Kundi la pili lilifundishwa kusimama na kutembea sakafuni. Muda ulikuwa sawa, wiki 12. Mwishowe hakuna kundi lililolipita jingine kwa kutembea.

Sababu iko kwenye kurudiarudia. Nyayo zinapobeba uzito na nyonga zikinyooka, taarifa hupanda hadi kwenye neva za uti zilizo chini ya jeraha, na njia chache zilizosalia hujifunza kuzitumia. Msuli wenyewe usipofanya kazi hunyauka mapema. Kisha, kadiri miezi inavyopita, nyuzi zake zenye stahamala hugeuka kuwa za kuchoka upesi. Ndiyo maana kusimama mara nyingi, kila siku, kunafaa kuliko siku moja ya kujikamua.

Uti ukiwa umekatika wote, tusidanganyane: mazoezi peke yake hayarudishi mwendo wa miguu. Umeme unaweza kuikaza misuli ikanenepa, lakini ukiacha inarudi ilikotoka. Hapo kazi inahamia mikononi. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 unataka angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhemesha, mara mbili kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu: mizunguko mitatu kwa kila msuli mkubwa unaofanya kazi, nayo mara mbili kwa wiki. Baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono inazitimiza dakika hizo njiani kwenda sokoni.

Kiti cha magurudumu kina kasoro yake: kinasukumwa tu, hakivutwi. Kifua kinabana, mgongo wa juu unalegea, bega linauma. Na asiye na bega hajihamishi kitandani wala chooni. Tiba yake ni tyubu ya baiskeli: ifungwe kwenye mguu wa kitanda, mgonjwa avute viwiko nyuma mpaka mabapa ya mabega yakaribiane, aachie polepole.

Kwa walioumia juu ya katikati ya kifua, jua la Dodoma la Oktoba ni hatari. Chini ya jeraha hawatoi jasho vizuri, na mapigo ya moyo hayapandi inavyostahili, hivyo kuyahesabu kunapotosha. Kipimo ni mdomo: aweze kuongea, asiweze kuimba. Afanye asubuhi mapema, shingoni kitambaa chenye maji. Kibofu kimwagwe kwanza. Kichwa kikianza kugonga ghafla na uso kutoka jasho, akalishwe wima, nguo zilegezwe, mpira wa mkojo ukaguliwe kama umekunjika, na asipotulia apelekwe hospitali mara moja, maana hiyo ni dalili ya shinikizo la damu lililopanda ghafla, na linaweza kumpiga kiharusi.