Chombo Kisicho na Tezi wala Omo

Mzee alikigonga chombo ubavuni kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea hatua moja, akagonga tena. Alikizunguka hivyo hadi akarudi alikoanzia, kama mnunuzi wa matikiti asiyemwamini muuzaji. Mke wangu, Mama Salim, nami tulikuwa tumesimama kivulini na baiskeli za kukodi, jasho likitutiririka. Tulikuwa tumepotea njia ya ufukweni.

Hapo ni Cam Thanh, kilomita chache tu kutoka mji mkongwe wa Hoi An, katikati ya Vietnam. Safari yetu ilikuwa ya kubana matumizi. Mama Salim aliandika kila senti kwenye daftari la mistari, mithili ya mwenye duka anayekopesha mtaa mzima: chumba cha feni, mkate wa banh mi asubuhi, bakuli moja la tambi za cao lau jioni, vijiti jozi mbili. Noti ya dong 20,000 ina picha ya daraja la Wajapani, lile lenye paa, la mwishoni mwa karne ya 16. Tulilitazama kwenye noti siku mbili nzima kabla hatujakubali kukata tiketi ya kuingia ndani.

Mji wenyewe sitausimulia sana, umeshasimuliwa. Wachina na Wajapani walitia nanga hapo enzi na enzi, mchanga ukauziba mlango wa mto Thu Bon, biashara ikahamia Da Nang, na nyumba zikabaki zilivyokuwa kwa kukosa mtu wa kuzibomoa. UNESCO wakauandikisha urithi wa dunia mwaka 1999. Siku hizi taa za hariri zikishawashwa jioni, ukiinama kufunga kamba ya kiatu umeshaingia katika picha kumi za watu usiowajua.

Ninachotaka kukisifu ni kile kikapu cha mzee. Wenyewe hukiita thung chai. Ni chombo cha duara, upana wake kama mita mbili, hakina tezi wala omo, hakina mkuku. Mtu wa pwani akikiona mara ya kwanza hucheka, nami nilicheka. Nikamwona mvuvi amekipanda peke yake, amesimama, kafi moja mkononi, anaikoroga mbele yake kama anayesonga ugali, na kikapu kinapanda wimbi na kuteremka bila kuingiwa na tone. Mashua kubwa zikienda mbali hukibeba juu yake, zikifika hukishusha. Husimuliwa kuwa enzi za Wafaransa mashua zilitozwa kodi, watu wakasuka vikapu, na afisa alipouliza akajibiwa: hii siyo mashua, ni kikapu. Siwezi kuapa kuwa ndivyo ilivyokuwa, ila ni jibu ambalo babu zangu wangelipenda.

Mzee huchana mwanzi mwenyewe. Chane zikiwa nene kikapu hakipindi, zikiwa nyembamba hakidumu. Husuka jamvi pana, akalilaza juu ya shimo na kulikanyaga kwa nyayo hadi likadidimia na kuwa bakuli, kisha akafunga ukingo. Ndipo inapofuata kazi ambayo Mama Salim aliitazama ameziba pua: mavi mabichi ya ng'ombe, yanasuguliwa kwa kiganja kila penye tundu. Nyuzi za majani aliyoyala ng'ombe ndizo kalafati. Yakikauka hupakwa dau rai, utomvu mzito wa miti ya msituni, mkono wa kwanza, jua, mkono wa pili, jua tena. Niliutazama mkono wa mzee ukipita juu ya misuko. Haukuwa na haraka, na haukurudi mara mbili mahali pamoja.

Harufu ya ule utomvu ikanirudisha Tanga. Nilikuwa na mjomba fundi wa vyombo. Alinituma sifa, yaani mafuta ya papa, kwa chupa ya soda, nami nilirudi nikinuka hadi mama akanikataza kuingia ndani. Alikaa mchangani chini ya tumbo la mashua, anashindilia pamba kati ya mbao kwa nyundo, na kila baada ya shubiri chache alisimama na kugonga ubao mtupu. Mimi nikipiga domo. "Chombo kinasema," aliniambia, "nyamaza wewe mtoto." Sikusikia kitu siku ile. Nilikisikia Cam Thanh, miaka arobaini baadaye, mzee alipofika ubavu wa pili na mlio ukabadilika. Akachota kidole cha mavi, akapaka.

Lazima nikiri la siku iliyotangulia. Tulikwenda gatini kama watalii wote. Maji ya Cam Thanh yamezungukwa na mimea mfano wa minazi isiyo na shina, makuti yanachipuka moja kwa moja topeni. Wapiganaji walijificha humo katika vita vya Wafaransa na vya Wamarekani, wakipita kimya. Sasa kuna spika juu ya chombo, muziki unatetemesha kifua, na kijana anakizungusha kikapu kama pia huku watu wakipiga makofi na kumtupia noti. Nilicheka hadi machozi. Nilitupa dong 50,000 ambazo hazikuwa kwenye daftari. Tuliposhuka ndipo nilipokitazama nilichopanda: faiba tupu, kijani, na namba ya rangi ubavuni. Vingine pale ni mwanzi uliovishwa faiba. Havihitaji mavi wala jua, na havimhitaji mzee.

Mjukuu wake alitutafsiria kwa simu. Tuliuliza kama anajifunza kusuka. Akacheka kwa adabu. Alasiri huwa gatini, anazungusha watalii, na babu mwenyewe ndiye aliyemwambia aende, maana huko kuna fedha. Mzee hakuinua kichwa. Mama Salim alifunga daftari lake.

Sina ubavu wa kuwasema. Sisi wa pwani tulikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za makumbi, halina msumari hata mmoja, na mabaharia wetu walisafiri nalo baharini. Mtepe pekee niliouona kwa macho yangu ulikuwa wa maonyesho, ndani ya Beit al Ajaib, Unguja. Nilipita mbele yake haraka, kulikuwa na joto na wageni wangu walitaka kwenda Forodhani. Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka. Tulihuzunikia jumba wiki mbili mitandaoni. Wa kuuliza kama bado yupo fundi anayejua ule mshono sikumsikia, na mimi pia sikuuliza.

Ukifika Cam Thanh, basi, kabla hujalipa, gonga ubavu wa chombo kwa kifundo cha kidole. Faiba hulia ko, kama ndoo. Mwanzi uliokandikwa huumeza mlio. Ukikipata hicho panda, na mwambie kijana asikizungushe.