Laigwanani Ana Upande Wake

Majirani wakigombea mpaka wa shamba, wengi wetu hufikiria kumtafuta mtu asiye na upande, awasikilize, kisha aamue. Waarusha wa miteremko ya Mlima Meru walikuwa na ufundi mwingine. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963, alikuta mashauri mengi yakimalizwa bila hakimu, ingawa mahakama zilikuwepo na watu walizitumia.

Ardhi wakati huo ilibana: juu msitu wa hifadhi, chini mashamba ya walowezi. Mwenye lalamiko alianzia kwa laigwanani, msemaji wa ukoo wake au wa rika lake. Huyu hana askari wala mshahara. Wenzake wamemtanguliza kwa sababu anajua kusema na anakumbuka mashauri ya zamani. Anakutana na mwenzake wa upande wa pili, wanapatana kikao kiwe cha ukoo au cha rika. Jambo hilo si dogo, maana aina ya kikao ndiyo inayoamua nani atasimama nyuma yako.

Kikao kikianza, kila mmoja anamwaga yote: mpaka, mbuzi wa mwaka juzi, tusi la kwenye pombe. Mgeni angedhani mambo yanaharibika. Kumbe wanapima ugomvi una ukubwa gani kabla ya kuanza kuupunguza.

Na katika kupunguza ndipo upande wa laigwanani unapofaa. Anaweza kumgeukia mtu wake mwenyewe na kumwambia, “Hapa umezidi,” akasikilizwa, kwa kuwa amekuja naye. Maneno hayohayo yakitoka kwa mgeni ni uadui. Kiongozi wa kundi la WhatsApp la mtaa ana kitufe cha kumtoa mkorofi. Laigwanani hakuwa nacho, ikabidi aendelee kuzungumza.

Wakishapatana, kitu hutolewa palepale, hata kama ni sehemu tu ya fidia, na pombe hunywewa pamoja. Pasipo askari, ahadi ya kesho hupoa upesi.

Mwaka 1979 Gulliver alichukua shauri la ardhi la Waarusha akaliweka kando ya mgogoro wa wafanyakazi na mwajiri wao huko Marekani. Akaona mazungumzo yote mawili yakipita hatua nane zilezile, tangu kutafuta pa kukutania hadi kutekeleza.

Mimi sioni kwamba njia hii iliwatendea wote sawa. Wanawake walisemewa na wanaume. Na mtu mwenye ndugu wachache, au ndugu waliokwisha kumchoka, alikaa barazani akiwa na mgongo mtupu, hata kama mpaka ulikuwa wake kweli. Huyo ndiye aliyekuwa na sababu ya kwenda mahakamani, ambako hakuna anayehesabu ndugu.