Taa Zipi Kwanza, Ziwe Vipi Baadaye

Mtazame fundi taa mzoefu akiwa kwenye konsoli ya Eos ya kampuni ya ETC ya Marekani. Anabonyeza 1, kitufe cha Thru, 8, kitufe cha At, 50, kisha Enter, na taa nane zinawaka kwa asilimia 50. Kwenye grandMA ya kampuni ya Kijerumani ya MA Lighting mpangilio ni huo huo, ila kitufe cha kumalizia amri kimeandikwa Please. Amri nzima ina sehemu mbili: taa zipi, halafu ziwe vipi. Wanaoanza kazi hukimbilia sehemu ya pili, kwenye rangi na miondoko. Mimi nashikilia kwamba kazi ya taa huharibika au kutengenea pale pa kuchagua.

Sababu iko chini ya vitufe. Konsoli huzungumza na taa kwa itifaki ya DMX512, iliyoasisiwa mwaka 1986 huko Marekani. Laini moja hubeba chaneli 512, na kila chaneli hupokea namba kuanzia 0 hadi 255. Taa ya kawaida ya jukwaani hutosheka na chaneli moja. Taa yenye kichwa kinachozunguka huweza kuchukua chaneli 30 na zaidi: mwanga, rangi, umbo la mwali, kugeuka, kuinama. Fundi huiita kwa namba moja tu, konsoli ikazitafuta chaneli zake.

Hapo kwenye kugeuka pana jambo la kutazamwa kwa karibu. Taa nyingi za aina hii huzunguka nyuzi 540. Ukizigawa nyuzi hizo kwa hatua 255 za chaneli moja, kila hatua ni zaidi ya nyuzi 2. Kwa umbali wa mita 10, mwali unaruka takriban sentimita 37, yaani unatoka usoni mwa mwimbaji na kutua begani. Ndiyo maana kugeuka hupewa chaneli mbili zinazofanya kazi pamoja, zenye thamani 65,536, na mwali unateleza bila kuruka.

Mpangilio wa kuchagua nao una uzito. Kwenye grandMA, ukichagua taa 1 Thru 5 na kuandika At 10 Thru 50, taa ya kwanza hupata 10, ya pili 20, hadi ya tano inayopata 50. Ukichagua 5 Thru 1, ngazi inageuka. Wengi hudhani konsoli imekosea, kumbe imetii. Eos nayo ina tabia yake: At 5 ni asilimia 50, na anayetaka asilimia 5 lazima aandike 05. Katikati ya onyesho la giza, sifuri hiyo ina thamani kubwa.

Lakini faida kubwa zaidi iko kwenye makundi na paleti. Kundi ni uteuzi wa taa uliohifadhiwa. Paleti ya nafasi huhifadhi mahali ambapo kila taa inaelekea, kwa mfano "katikati mbele", na kyu, yaani mwonekano wa taa uliorekodiwa kwa wakati mmoja wa onyesho, hurekodi paleti hiyo badala ya namba tupu. Chukua onyesho la ziara lenye kyu 150 zilizojengwa juu ya nafasi sita. Kwenye ukumbi mpya, boriti ya kuning'inizia taa imeshuka mita moja. Aliyerekodi namba tupu ana kyu 150 za kufungua moja baada ya nyingine. Aliyetumia paleti anaita kundi lake, anaita nafasi ya kwanza, anawasha Highlight ili taa anayoishughulikia ionekane wazi, anapita taa moja moja kwa kitufe cha Next huku akisogeza gurudumu, kisha anahifadhi upya. Akirudia hivyo kwa nafasi sita, kyu zote zimefuata.

Kosa ninaloliona likirudiwa ni kuacha taa zimeshikwa. Kwenye grandMA2, kubonyeza kitufe cha Clear mara ya kwanza huondoa uteuzi, mara ya pili huzima thamani zinazosubiri kurekodiwa, mara ya tatu husafisha zote. Fundi anayebonyeza mara moja akaendelea, hubeba mabaki ya kyu iliyopita hadi kyu inayofuata.

Kwa hiyo fundi mwenzangu, ukipewa saa chache za kupanga onyesho, anza na makundi na paleti za nafasi kabla ya kurekodi kyu yoyote. Muda ukibana, punguza rangi na miondoko, lakini makundi na paleti usipunguze.