Fundi Asiyekuwepo

Kutoka Sumbawanga mjini hadi vijiji vya Nkasi, mita ya umeme ya LUKU hukaa ukutani miaka na miaka bila mtu kuifikiria. Aghalabu haina intaneti wala laini ya simu, wala haina wa kumuuliza. Mvua za nyanda hizi za Ufipa zikianza na radi zake, umeme hukatika, hurudi kwa kishindo, hukatika tena, na mita inapaswa kukumbuka uniti zilizobaki. Mwenye nyumba akibonyeza tarakimu 20 alizotumiwa kwenye simu, mita peke yake ndiyo inayoamua kama ni halali.

Ndani ya kisanduku hicho mna kompyuta ndogo, na kazi ya kuifanya iaminike ni ustadi ninaouenzi kuliko mwingi wa zama zetu. Kompyuta ya mezani ikigoma, tunaizima na kuiwasha. Iliyomo ndani ya breki za basi au pampu ya dawa hospitalini haina nafasi hiyo, na kosa lake laweza kuua. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika sekunde kama 40 tu baada ya kuruka, kwa sababu namba kubwa ililazimishwa kuingia katika nafasi ya biti 16.

Ufipa iliujua ustadi wa aina hii kabla ya umeme. Ilungu, tanuri la udongo la kuyeyushia chuma, lilimzidi mtu kimo na halikuwa na mivukuto. Mafundi walipanga kuni, makaa na mawe ya chuma, wakawasha, na hewa ikajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini. Akili yote ilibidi itangulie, katika unene wa ukuta na mahali pa kila tundu, maana moto ukishashika hakuna wa kuingiza mkono. Na hata hapo hawakukiamini chuma kilichotoka: walikisafisha tena katika tanuri dogo, kintengwe, safari hii kwa mivukuto.

Kutokuamini kwa namna hiyo ndiko kulikojaza maisha ya kazi ya Philip Koopman, aliyekuwa afisa wa nyambizi katika jeshi la majini la Marekani kabla ya kuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Ujumbe unaopita kwenye nyaya za gari huongezewa biti chache za ukaguzi, zinazokokotolewa kutokana na ujumbe wenyewe. Zisipolingana, ujumbe hukataliwa. Kanuni za kuzikokotoa wahandisi walikuwa wakirithishana kwa mazoea. Koopman akaketi kuzipima, moja baada ya nyingine, na mwaka 2004, pamoja na Tridib Chakravarty, akaonyesha kwamba kadhaa zilizozoeleka zilikuwa dhaifu kuliko nyingine za urefu uleule. Ni kazi isiyo na shangwe. Dereva hatajua kamwe kwamba kuna ujumbe mbovu uliokataliwa kabla haujafika kwenye breki.

Tokeni ya LUKU, yaani zile tarakimu 20, nayo ina biti 16 za ukaguzi wa aina hiyo. Ina pia kumbukumbu ya dakika ilipotolewa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993, ili isitumike mara mbili. Nafasi ya hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, kwa kuwa kila kitu kilipaswa kutosha katika tarakimu ambazo mtu ataweza kuzibonyeza kwa kidole. Dakika hizo zilikuwa zinaisha 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka huo shirika la umeme, TANESCO, lilimtumia mteja mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuibadilishia mita ufunguo wa siri na kuanza hesabu upya, la tatu umeme wenyewe. Wengi waliona usumbufu. Kwangu ni moja ya kazi safi kabisa za fani hii: mita iliyofungwa zamani, isiyofunguliwa na fundi yeyote, ilirekebishwa na mwenye nyumba kwa kidole chake.

Hesabu mpya inaanzia mwaka 2014, na dakika zake zitaisha 24 Novemba 2045. Waliotunga kiwango cha tokeni hizi wameshapanga hata mwaka wa kuanzia hesabu ya tatu: 2035.